Kifuniko cha Saa Kumi Alfajiri: Kujikinga na Baridi katika Safari Ndefu za Miguu Mkoani Singida

Mkoa wa Singida umekaa juu ya uwanda wa kati wa Tanzania, na mji wake mkuu uko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Mgeni anayefika huko mchana wa mwezi Juni au Julai hukuta jua kali, vumbi na anga isiyo na wingu, akaamini kwamba ameingia nchi ya joto. Usiku humsahihisha. Katika miezi hiyo hewa ya alfajiri huwa karibu na nyuzijoto 13, na katika mabonde yaliyo wazi hushuka zaidi ya hapo. Juu ya baridi hiyo huvuma upepo ambao umeufanya mkoa huu utajwe kwa miaka mingi katika mipango ya kuzalisha umeme wa upepo.

Aliyelala ndani ya nyumba yenye paa na kuta huiona baridi hiyo kuwa adha ndogo. Kwa anayelala nje baada ya kutembea siku nzima, jambo ni jingine. Nyuzijoto 13, upepo na nguo iliyolowa jasho vinatosha kumfikisha mtu dhaifu katika hatari ya kuporomoka kwa joto la mwili, bila theluji wala barafu kuonekana popote. Ndiyo maana uchaguzi wa kifuniko cha kulalia unastahili kuzingatiwa kama unavyozingatiwa uchaguzi wa chandarua au maji ya kunywa.

Wanaolala njiani

Safari ndefu za miguu si jambo geni katika nchi hii. Pori lililojulikana katika karne ya 19 kwa jina la Mgunda Mkali, ambalo leo liko kwa sehemu kubwa upande wa Manyoni na Itigi, lilikuwa kipande kilichoogopwa cha njia ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Tabora. Richard Burton na John Speke walilipita mwaka 1857, naye Henry Stanley mwaka 1871. Wapagazi waliobeba mizigo ya misafara hiyo walilala ndani ya maboma ya miiba, wamekaribiana kando ya moto, wengi wao wakiwa na kipande cha merikani tu cha kujifunika. Kitambaa hicho chepesi cha pamba hakikuwatosha. Moto na miili ya wenzao ndivyo vilivyojazia upungufu.

Reli ya kati ilipofika Tabora mwaka 1912, misafara ya namna hiyo ilipoteza kazi yake, lakini kutembea hakukukoma. Wafugaji wa Kidatoga, Kisukuma na Kinyaturu huswaga mifugo kufuata malisho, maji na minada, na wachungaji wengi ni vijana wadogo. Warina asali wa mapori ya Manyoni na Itigi hukaa siku kadhaa msituni. Wako pia wagonjwa na ndugu zao wanaosafiri kwa miguu au kwa baiskeli kuelekea hospitali za Kiomboi, Iambi, Makiungu, Itigi au Kilimatinde, na ambao usiku huwakuta njiani. Wengine hufika salama, kisha wakalala barazani au chini ya mti wakimngoja mgonjwa aliyelazwa. Wote hao wanakabiliwa na swali moja: watajifunika nini?

Saa ya kupima ni saa kumi

Watu wengi huchagua blanketi kwa hali ya saa tatu usiku. Saa hiyo ardhi bado ina joto la mchana, mwili umetoka kutembea, tumbo lina chakula, na moto unawaka. Kipimo cha haki ni saa kumi alfajiri. Kufikia wakati huo ardhi imepoteza joto lake kuelekea anga iliyo wazi, moto umekuwa majivu, na chakula cha jioni kimekwisha kutumika. Tena, joto la mwili lenyewe hufuata mzunguko wa siku, na kwa kawaida hufikia kiwango chake cha chini kabisa katika saa za mwisho za usiku, kabla ya mtu kuamka.

Blanketi halitengenezi joto. Mtu mzima aliyelala hutoa joto la takriban wati 70 hadi 80, yaani kadiri ya balbu moja ya umeme ya aina ya zamani. Kazi ya kifuniko ni kulichelewesha joto hilo lisitoroke. Kinachofanya kazi hiyo ni hewa iliyotulia iliyonaswa katikati ya nyuzi, wala si uzito wa kitambaa. Hewa isiyosogea hupitisha joto kwa shida sana. Hewa inayopepea hulichukua na kwenda nalo. Kwa hiyo kifuniko kizito kilichoshindiliwa kikawa kama ubao huweza kushindwa na kifuniko chepesi kilichofura vizuri.

Mfarishi, yaani vitambaa viwili vilivyoshonwa pamoja na kujazwa kitu chepesi katikati, umebuniwa kwa kanuni hiyo hiyo. Ukijazwa pamba, hupasha joto ukiwa mkavu, lakini pamba hunywa maji, ikawa nzito na kuchelewa kukauka. Sufi inayotokana na mti wa msufi ni nyepesi na hainywi maji upesi, ila hushikamana na kuwa mabonge kadiri inavyotumika. Nyuzi za plastiki, ambazo ndizo zinazojaa katika mifarishi mingi ya mitumba, hubaki na sehemu kubwa ya uwezo wake hata zikipata unyevu, na hukauka haraka. Manyoya laini ya bata hupita vyote kwa wepesi na joto, lakini yakilowa hulala chini na kupoteza karibu faida yake yote. Blanketi la sufu ya kondoo ni zito, lakini huvumilia unyevu na halishiki cheche za moto kwa wepesi kama nyuzi za plastiki. Kwa mchungaji anayelala karibu na moto, sifa hiyo ya mwisho ni kubwa.

Sokoni, mnunuzi anaweza kufanya majaribio mawili yasiyohitaji kifaa. La kwanza ni kuukunja mfarishi na kuukandamiza kwa mikono, kisha kuuachia. Ukifura tena upesi, nyuzi zake bado zina uhai. Ukibaki umelala, hewa haitakaa ndani yake. La pili ni kuweka kitambaa mdomoni na kupuliza. Pumzi ikipita bila kizuizi, upepo wa Singida utapita pia.

Baridi ya chini

Kosa linalowapata wengi ni kurundika vifuniko juu na kuusahau mgongo. Uzito wa mwili hukandamiza chochote kilicho chini yake, hewa ikatoka, na joto likaingia ardhini moja kwa moja. Mtu mwenye mablanketi mawili, aliyeyatandaza yote juu yake na kulala kwenye udongo mtupu, hupata baridi kuliko mwenziwe mwenye blanketi moja na tandiko zuri.

Watembeaji wa safari ndefu katika nchi za Ulaya na Marekani wameichukua hoja hiyo hadi mwisho wake. Baadhi yao wameacha mifuko ya kulalia inayozunguka mwili mzima, wakatumia mfarishi usio na upande wa chini, kwa kuwa sehemu inayolaliwa ilikuwa mzigo usio na kazi. Lakini wanaweza kufanya hivyo kwa sababu wanabeba godoro jepesi la kuwatenga na ardhi. Anayepunguza kitu chini bila kuweka kingine mahali pake hajapunguza mzigo, amejiongezea baridi.

Huku Singida tandiko hupatikana bila gharama kubwa. Majani makavu au mabua ya mtama yaliyotandazwa kwa unene wa kiganja, yakafunikwa kwa salfeti, hunasa hewa nyingi. Ngozi ya ng'ombe ni kinga ya zamani, hasa ikiwekwa juu ya majani badala ya kuwekwa peke yake. Mkeka mmoja mwembamba hautoshi. Mwenye nafasi ya kununua anaweza kubeba kipande cha sponji ngumu isiyonywa maji, kinachotosha kuanzia mabegani hadi nyongani. Miguu huweza kulazwa juu ya begi au nguo za akiba.

Jambo moja la tahadhari: kulala katika sakafu ya udongo ya kibanda kikuukuu kilichoachwa huweza kuonekana kuwa nafuu, lakini nyufa zake ndizo makazi ya papasi, wadudu wanaouma usiku na kuambukiza homa ya papasi. Sehemu iliyo wazi lakini iliyokingwa na upepo mara nyingine ni salama zaidi.

Upepo, unyevu na mahali pa kulala

Kabla ya kununua mfarishi mnene zaidi, msafiri anaweza kupata joto la bure kwa kuchagua mahali. Hewa baridi ni nzito kuliko hewa ya joto, hivyo hutiririka na kutuama katika mbuga na mabonde. Mteremko ulio mita chache juu ya bonde huwa na afadhali. Mawe makubwa ya matale, ambayo ni sura ya kawaida ya nchi ya Singida, huzuia upepo na hurudisha usiku sehemu ya joto yaliloliweka mchana. Ila nyufa zake zichunguzwe kwa ajili ya nyoka na nge. Matawi ya mti juu ya kichwa nayo hupunguza upotevu wa joto kuelekea angani.

Maji huondoa joto mwilini kwa kasi ya takriban mara 25 kuliko hewa. Kwa sababu hiyo nguo ya jasho ivuliwe mapema, kabla ya baridi kuingia, na nguo kavu za kulalia zitunzwe katika mfuko usiopitisha maji. Kofia au kilemba na soksi kavu husaidia sana kwa uzito mdogo. Turubai lifungwe kama ukuta upande wa upepo au litandikwe chini. Likizungushiwa mwili na kubanwa, mvuke wa jasho hugeuka maji ndani yake, na kufikia alfajiri mfarishi huwa umelowa.

Anayepanda milima aongeze hesabu nyingine. Joto la hewa hupungua kwa takriban nyuzijoto 6 kila mtu apandapo mita 1,000. Mlima Hanang ulio katika mkoa jirani wa Manyara una urefu wa zaidi ya mita 3,400. Kwa hiyo kifuniko kilichotosha Singida mjini kitakutana karibu na kilele chake na usiku ulio baridi zaidi kwa nyuzijoto 11 hivi, na upepo juu yake.

Kinatosha kwa nani?

Mifuko ya kulalia ya kiwandani, ambayo huonekana katika mitumba na hukodishwa kwa wapanda milima, mara nyingi huwa na lebo yenye viwango vya joto. Kipimo cha kimataifa kinachotumika, ISO 23537, hutenganisha kiwango cha starehe, kiwango cha kikomo na kiwango cha hatari. Kile cha starehe kimekadiriwa kwa mwanamke wa kawaida. Cha kikomo kwa mwanamume wa kawaida aliyejikunja. Kile cha hatari kinahusu kunusurika tu, huku uwezekano wa joto la mwili kuporomoka ukiwapo. Wauzaji wengine huonyesha namba iliyo ndogo kuliko zote, na mnunuzi akaiona kuwa ni sifa. Namba ya kufuata ni ya starehe.

Hata namba hiyo imepimwa kwa kudhani kwamba aliyelala ni mtu mzima mwenye afya, amevaa nguo za kulalia na ana tandiko chini yake. Wengi wanaosafiri kuelekea hospitali hawako hivyo. Mzee hutetemeka kwa udhaifu na huweza asihisi baridi mapema. Mtoto hupoteza joto upesi kwa kuwa ngozi yake ni kubwa ukilinganisha na uzito wake. Mwenye utapiamlo hana akiba ya kuunguza. Mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini huweza kushukiwa na sukari usiku, na sukari ikishuka, joto nalo hushuka. Ganzi ya miguu huweza pia kumfanya aungue kando ya moto bila kujua. Kwa mwenye selimundu, baridi pamoja na upungufu wa maji mwilini huweza kuanzisha maumivu makali ya mifupa. Baadhi ya dawa za magonjwa ya akili, klopromazini ikiwa mojawapo, hudhoofisha uwezo wa mwili kujihifadhia joto.

Kanuni ya familia iwe hii: kifuniko kichaguliwe kwa kumfikiria aliye dhaifu kuliko wote, na yeye alale katikati. Watu wawili chini ya mfarishi mmoja mpana hupata joto zaidi kuliko kila mmoja na shuka yake. Kwa mtoto mchanga, kifuniko bora ni kifua cha mama, ngozi kwa ngozi, kofia kichwani na nguo juu ya wote wawili, uso wa mtoto ukiwa wazi. Utafiti ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani katika nchi tano, Tanzania ikiwemo, na kuchapishwa mwaka 2021, ulionyesha kwamba watoto waliozaliwa na uzito mdogo wakiwekwa hivyo mara baada ya kuzaliwa, vifo hupungua kwa robo.

Kabla ya safari, kifuniko kijaribiwe nyumbani. Msafiri alale uani usiku mmoja kwa vitu vile vile atakavyobeba. Akiamka saa kumi akitetemeka, bado ana nyumba ya kuingia, na amejua kipi kimepungua: tandiko, kinga ya upepo, au unene.

Joto la uongo

Pale kifuniko kinapopungukiwa, watu hutafuta njia nyingine, na mbili kati yake huua. Ya kwanza ni pombe. Hupanua mishipa ya damu ya ngozi, mtu akahisi uvuguvugu, kumbe damu ya moto imeletwa karibu na baridi na joto la ndani linatoweka. Pombe pia hupunguza sukari mwilini na humzuia mtu kutambua hatari. Uji, chai yenye sukari au chakula kamili kabla ya kulala hufanya kile ambacho pombe hudaiwa kufanya.

Ya pili ni jiko la mkaa ndani ya chumba au hema lililofungwa. Mkaa hutoa hewa ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushika nafasi ya oksijeni katika damu. Waliolala hawaamki ili wafungue mlango. Jiko libaki nje, hata kama limebaki makaa machache tu.

Kwa mhudumu wa afya

Joto la ndani likishuka chini ya nyuzijoto 35, mtu ameingia katika hali ya hatari. Kati ya 35 na 32 hutetemeka, hujikwaa, huongea kwa kukokota maneno. Chini ya 32 kutetemeka hupungua na kukoma, akasinzia na kuchanganyikiwa. Ndugu huweza kudhani kwamba amelewa, au kwamba amepata nafuu kwa sababu ameacha kutetemeka.

Kutetemeka huku huweza kudhaniwa kuwa malaria. Mhudumu aguse kifua na tumbo chini ya nguo: vikiwa baridi, afikirie baridi kwanza, huku akipima malaria na sukari bila kuchelewa. Akumbuke kwamba maambukizi makali ya damu nayo huweza kumshusha joto mzee au mtoto mchanga. Na asiiamini pimajoto kupita kiasi. Pimajoto za kioo za kawaida huanzia nyuzijoto 35, kwa hiyo zebaki iliyobaki pale chini haisemi kama mgonjwa ana 35 au 30. Zile za kumulika paji la uso hudanganywa na ngozi iliyopoa.

Tiba ya kwanza inafanana na kanuni za kulala. Mgonjwa atengwe na sakafu, avuliwe nguo mbichi, akaushwe, afunikwe mwili na kichwa. Akiwa na fahamu na anameza vizuri, apewe kinywaji cha moto chenye sukari. Asisuguliwe mikono na miguu, na chupa ya maji ya moto isigusane na ngozi bila kitambaa. Aliyepoteza fahamu ahamishwe kwa upole, kwani moyo uliopoa huweza kuvurugika kwa mtikisiko, na mapigo yake yatafutwe kwa muda wa dakika nzima, kwa kuwa huwa dhaifu na ya polepole mno. Apewe rufaa mapema akiwa amefunikwa vizuri njiani.

Lakini huduma yenye faida kubwa zaidi hutolewa kabla ya hapo, na haihitaji dawa. "Shikamoo baba. Jana usiku mlilala wapi, na mlijifunika nini?" Swali hilo likiulizwa wakati wa kupokea mgonjwa, hufichua sababu ambayo vipimo haviionyeshi. Likiulizwa tena wakati wa kumruhusu, hubadilisha ushauri. Mzee anayeelekezwa kurudi kliniki baada ya wiki mbili, na ambaye njia yake ni ya siku mbili kwa miguu, anahitaji tarehe ya kliniki, dawa zake, na hakika ya kwamba atakuwa na kitu cha kutandika na cha kujifunika ifikapo saa kumi alfajiri. Pale asipokuwa nacho, kumtafutia mahali pa kulala karibu na kituo, au kupanga kliniki yake siku ambayo gari la kijiji hupita, ni sehemu ya matibabu yake.